Krapf, kadhi wa Mombasa na barua ya Sultani

Kila Alhamisi jioni sisi watu kumi hivi hukutana kusoma Biblia katika sebule ya mama mmoja huku Kisauni. Mwaka huu tumo katika kitabu cha Mwanzo na hatuna haraka. Tunasoma sura moja kwa juma, tunakunywa chai, kisha kila mtu anashika njia yake kabla ya matatu za usiku kupandisha nauli. Tulikwenda vizuri hadi sura ya 14. Hapo ndipo tulipokwama.

Sura hiyo yaeleza jinsi Abramu alivyopigana na wafalme, akamwokoa Lutu na kuirudisha mali iliyotekwa. Mfalme wa Sodoma akamwambia achukue mali yote, yeye amrudishie watu wake tu. Abramu akakataa. Hakutaka hata kitu kidogo cha yule mfalme, asije akajisifu baadaye kwamba yeye ndiye aliyemtajirisha.

Sasa, Jumapili moja kabla ya somo hilo, mwanasiasa mmoja alikuja kanisani kwetu. Simtaji, na kanisa silitaji. Alikuja na msafara, akapewa nafasi ya kusalimia, na salamu zake zikachukua muda mrefu kuliko mahubiri. Mwishoni akatoa bahasha ya kusaidia paa, maana paa letu linavuja na masika yaja. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi, nisijitie usafi.

Basi siku ya Alhamisi tukasoma habari za Mfalme wa Sodoma, na kabla chai haijamiminwa ugomvi ukawa umeanza. Msichana mmoja, ambaye Juni 2024 alikuwa mmoja wa vijana walioingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, aliuliza tofauti ya bahasha yetu na mali ya Sodoma ni ipi. Mzee mmoja akamjibu kwamba asome sura mpaka mwisho: Abramu alikataa vyake yeye, lakini vilivyokwisha kuliwa na vijana wake hakuvirudisha. Kwa hiyo, akasema, kilicholiwa kimeliwa. Tulicheka, lakini msichana hakucheka. Mwingine akakumbusha kwamba mwaka 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana aliwazuia wanasiasa wasihutubie kutoka mimbarini, na kwamba Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza fedha ambazo Rais alitoa katika kanisa moja la Kikatoliki zirudishwe. Mwenye nyumba akasema hao maaskofu makanisa yao hayavuji. Tukatawanyika bila kuomba, jambo ambalo halijatutokea tangu tuanze.

Njiani nikirudi nyumbani nilimkumbuka Krapf. Maana kitabu hiki cha Mwanzo ndicho alichoanza nacho kukitia katika Kiswahili, hapo ng'ambo ya maji, Mombasa, mwaka 1844. Na maisha yake yote yalikuwa mvutano wa jambo hilihili tunalogombania: mtu wa Mungu ategemee mkono wa mtawala kwa kiasi gani? Nikaahidi kuwaandikia wenzangu habari zake. Haya ndiyo niliyoyaandika, nanyi wasomaji mnakaribishwa.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na miaka 11 jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kumdhania ni mtoto mwingine aliyemkosea. Kosa halikuwa lake, lakini kipigo kilikuwa chake, na kilimlaza kitandani kwa miezi sita. Katika kulala huko alisoma Biblia, hasa Agano la Kale, akawa anawasimulia wengine habari za mababu wa Israeli. Kwa hiyo Ibrahimu na Yusufu alikuwa amezoeana nao tangu utoto, kabla hajajua kama kuna mahali paitwapo Mombasa.

Alisomea umishenari Basel, Uswisi, kisha theolojia Tübingen. Baadaye alijiunga na chama cha wamishenari wa Kianglikana cha Uingereza, CMS, nao wakampeleka Ethiopia mwaka 1837. Ethiopia ilikuwa nchi ya Wakristo miaka mingi kabla ya Wajerumani kuwa Wakristo. Alianzia Adwa, upande wa kaskazini, na huko alifukuzwa mwaka uliofuata. Mwaka 1839 akafika ufalme wa Shoa, kwa Mfalme Sahle Selassie.

Hapo Shoa ndipo alipojifunza utamu wa kuwa karibu na kiti. Mfalme alimpenda. Akaandamana na jeshi lake katika safari ya vita dhidi ya Waoromo. Mwaka 1841, ujumbe wa Uingereza ulipofika Shoa ukiongozwa na Kapteni Harris kutafuta mkataba, Krapf aliusaidia kwa ukalimani na ushauri. Alidhani urafiki wa serikali hizo mbili ungeilinda kazi yake. Mwaka 1842 akaondoka Shoa kwenda pwani kumpokea mchumba wake. Njiani chifu mmoja akamnyang'anya kila kitu alichokuwa nacho. Alipotaka kurudi, mfalme yuleyule aliyempenda akawa hamtaki tena. Mkataba ulisainiwa, lakini mlango ulifungwa.

Mchumba huyo alikuwa Rosine Dietrich. Walioana Misri mwaka 1842, wakaanza kuhangaika pamoja wakitafuta njia ya kuingia Ethiopia. Katika mahangaiko hayo, njiani karibu na Massawa, Rosine alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati, mtoto akafa. Walimpa jina lenye maana ya chozi. Safari za wamishenari husimuliwa kama safari za mwanamume mmoja na kofia yake, na ninapozisoma huwa najiuliza ingekuwaje kama Rosine ndiye angeandika kitabu.

Ethiopia ilipokataa kabisa, Krapf akaazimia kuwafikia Waoromo kwa kupitia kusini. Ndiyo sababu aliiangalia pwani yetu. Sisi hatukuwa mwisho wa safari yake, tulikuwa mlango tu.

Januari 1844 akafika Unguja. Balozi wa Uingereza, Hamerton, akampeleka kwa Sayyid Said bin Sultan. Sayyid alimpokea kwa heshima, akamsikiliza, kisha akampa barua kwa maliwali na raia wake wote wa pwani. Kiini cha barua ile kilikuwa kwamba mbebaji ni Mjerumani, mtu mwema, anayetaka kuwarudisha watu kwa Mungu, basi atendewe vizuri na asaidiwe popote afikapo. Tutulie hapo kidogo. Mtawala Mwislamu, Muomani, anamwandikia Mkristo barua ya kumsafishia njia, naye anajua huyu mtu amekuja kuhubiri. Leo tuna maafisa wa usalama na mabaraza ya maridhiano, na bado kibali cha mkutano wa injili katika uwanja fulani chaweza kuchukua mwezi mzima.

Kwa barua hiyo alikaribishwa Mombasa. Mji ulikuwa na kidonda kibichi: ni miaka 7 tu tangu Sayyid Said awashinde Mazrui mwaka 1837, na si wote waliompenda. Mgeni aliyeingia na barua ya Sultani alifunguliwa milango, lakini bila shaka wako walioisoma barua hiyo kwa jicho la pembeni. Hayo ndiyo mambo ya barua za wakubwa. Zinakupa nyumba, na papo hapo zinakuhesabia maadui usiowajua.

Juni 8 mwaka huo Krapf alianza kutafsiri Mwanzo. Kiswahili chake kilikuwa cha miezi michache tu. Aliyekaa naye na kumsaidia alikuwa Sheikh Ali bin Muhyiddin, kadhi wa Mombasa, mtu mwenye asili ya Barawa.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Kadhi alikuwa hakimu wa sheria ya Kiislamu. Habari za kuumbwa mbingu na nchi, za Adamu, za Nuhu na safina, za Ibrahimu na mwanawe, za Yusufu na nduguze, alikuwa anazijua kwa kitabu chake mwenyewe, pengine kwa kusimulia kuliko huyo mgeni. Krapf alikuwa na Kiarabu, kadhi alikuwa na Kiarabu na Kiswahili. Kati yao kukawa na daraja. Barua ya Sultani ingeweza kuamuru kadhi asimdhuru mgeni, lakini haingeweza kuamuru akae naye juma baada ya juma akimtafutia maneno. Hilo mtu hulifanya kwa hiari yake. Kwa hiyo maneno ya kwanza ya Biblia katika Kiswahili yalipitia mikononi mwa kadhi, na Mkristo wa Pwani anayejisahau akamdharau jirani yake Mwislamu angefaa kulijua hilo.

Nisimpambe Krapf. Katika maandishi yake aliisema dini ya Kiislamu kwa ukali, na watu wa bara aliwaita Wanyika, jina ambalo Wamijikenda wamelikataa kwa haki. Aliwaona walevi, wazito wa kusikia, na mila zao hakuzipa uzito. Alikula kwa watu akawaandika vibaya. Lakini pia aliyasikiliza maneno yao moja baada ya jingine na kuyaandika, kazi ambayo haifanywi na mtu anayedharau kila kitu.

Mwezi mmoja baada ya kuanza Mwanzo, Julai 6, Rosine alijifungua mtoto wa pili, wa kike tena. Homa ikaingia nyumbani. Mume na mke walilala wote wawili, Krapf mwenyewe akiwa hajiwezi. Rosine alikufa Julai 13, na mtoto akamfuata baada ya siku moja au mbili. Kabla ya kufa aliomba asizikwe kisiwani bali upande wa bara, ili watu wanaopita wakienda Mombasa walione kaburi na wajiulize lilitoka wapi. Akazikwa huko, na kaburi lipo mpaka leo upande wa Nyali. Krapf aliiandikia kamati yake London kwamba kaburi lile la pekee katika pwani hii ni ishara kwamba vita vimeanza, na kwamba siku ya bara zima kusikia inakaribia.

Sisi tutafika sura ya 23 ya Mwanzo baada ya miezi kadhaa, Mungu akipenda. Huko Ibrahimu amefiwa na Sara katika nchi ya ugenini, na Efroni Mhiti anamwambia achukue shamba la kuzikia bure. Ibrahimu anakataa bure hiyo. Anapima shekeli 400 za fedha mbele ya watu wote ndipo anamzika mkewe. Krapf, mgeni aliyemzika mkewe ng'ambo ya maji huku karatasi za Mwanzo zikiwa mezani, kisa hicho alikijua tangu alipokuwa mtoto wa kitandani.

Wengi wangerudi kwao. Yeye alibaki, akaendelea na maneno. Sura tatu za kwanza za Mwanzo zilichapishwa Marekani mwaka 1847 katika jarida la chama cha wataalamu wa mambo ya Mashariki. Mwaka 1850 akachapisha Tübingen kitabu cha sarufi ya Kiswahili. Injili ya Luka katika lugha ya Warabai ilichapishwa Bombay mwaka 1848. Kiswahili alikiandika kwa herufi za Kirumi, wakati wasomi wetu wote waliandika kwa herufi za Kiarabu, na kwa kufanya hivyo alitufungulia mlango mmoja na kutufungia mwingine. Wajukuu wa washairi wa Mvita leo hawawezi kusoma hati za babu zao. Hata hivyo, tenzi za zamani alizikusanya pia: mwaka 1854 hati za Kiswahili alizopata huku, ukiwemo utenzi wa Herekali, zilipelekwa maktaba ya Halle, Ujerumani, na zikahifadhika.

Mwaka 1846 alijiwa na mwenzake, Johannes Rebmann, Mjerumani wa upande huohuo. Agosti mwaka huo wakaenda kuanza kazi Rabai. Walipanda ule mlima wakiwa wote wawili na homa, wakipokezana punda mmoja. Na hapa barua ya Sultani iliishiwa na nguvu. Amri ya Sayyid ilikuwa ya miji ya pwani. Ukishapanda vilima vya Rabai wenye kuamua walikuwa wazee wa kaya, nao hawakuwa watu wa kusomewa barua. Krapf alilazimika kukaa chini nao, kueleza anachotaka, kusubiri wazungumze wao kwa wao, na kukubaliwa kama mgeni anavyokubaliwa. Wakampa mahali pa kujenga.

Matokeo yake? Kidogo mno, kwa hesabu za wanaohesabu. Miaka ikapita. Wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mtu mwenye ulemavu mkubwa ambaye jamii yake ilimwona hana faida, na alibatizwa mwaka 1851 akiwa karibu na kufa. Baada ya miaka 7 ya jasho, kaburi la mke, kaburi la mtoto, vitabu na homa, kanisa lilikuwa na mtu mmoja, naye akafa. Nikiwasomea haya wenzangu wa Alhamisi wanaolalamika kwamba tumebaki kumi, nadhani watatulia kidogo.

Safari za bara nazipita upesi, maana ndizo zinazojulikana na kila mtoto wa shule. Rebmann aliuona Kilimanjaro Mei 1848. Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui, Desemba 3, 1849, kwa ukarimu wa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Wakamba, na jina aliloliandika akilisikia kwao ndilo leo limo katika vitambulisho vyetu. Mabwana wa ramani huko London waliona ni mzaha kwamba kuna theluji chini ya jua la ikweta. Kwa Kimweri wa Usambara alikwenda mara mbili akaahidiwa mengi.

Safari moja tu siwezi kuipita. Mwaka 1851 alirudi Ukambani, na Kivoi akamchukua kuelekea mto Tana. Walivamiwa na wanyang'anyi, Kivoi akauawa, na Krapf akakimbilia msituni peke yake. Alipofika mtoni hakuwa na chombo cha kubebea maji. Akajaza maji mfuko wa ngozi wa darubini yake na mtutu wa bunduki, akauziba. Akala majani. Alipowafikia jamaa za Kivoi walimlaumu kwa kuwa yeye amepona na mkubwa wao amekufa, na ikabidi atoroke usiku. Huyu ndiye aliyekuwa na ndoto ya mlolongo wa vituo vya injili kutoka Mombasa mpaka pwani ya magharibi ya Afrika. Mlinzi wake wa bara alikuwa mtu mmoja mwenye nguvu, na mtu huyo alipoanguka, kila alichokuwa nacho Krapf Ukambani kilianguka siku hiyohiyo.

Mwaka 1853 afya ikamshinda, akaondoka. Huko Ujerumani aliandika kitabu cha safari zake, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1858 na kwa Kiingereza mwaka 1860. Katika kitabu hicho yamo maneno aliyowaachia watakaomfuata, na haya ndiyo niliyotaka wenzangu wayasikie. Aliwaambia, kwa ufupi, wasitarajie chochote, au wasitarajie kikubwa, kutokana na mabadiliko ya kisiasa Afrika Mashariki. Wasidhani kwamba ni lazima Ulaya itandaze mbawa zake juu ya nchi hizi ndipo kazi ya Mungu iende. Aliyeyaandika alikuwa mtu aliyekula meza ya Sahle Selassie, aliyesaidia mkataba wa Waingereza, aliyebeba barua ya Sayyid Said na aliyetembea chini ya ulinzi wa Kivoi. Yote manne alikuwa ameyaonja.

Ningependa kuishia hapo, ili msichana wetu wa Juni 2024 ashinde. Lakini maisha hayaendi kwa kumfurahisha mwandishi. Mwaka 1862 alirudi huku akiwa na Wamethodisti wa Uingereza, Thomas Wakefield akiwemo, wakaanza kazi Ribe. Hilo lilikuwa jema. Kisha mwaka 1867 Uingereza ilipotuma jeshi kumpiga Mfalme Tewodros wa Ethiopia, mkalimani mmojawapo alikuwa Krapf, akiwa na miaka 57. Mwandishi wa maneno yale alikwenda kusimama nyuma ya mizinga. Waingereza waliofungwa na Tewodros walikuwamo wamishenari pia, na nadhani hilo lilimvuta. Afya ilimrudisha mapema. Hata hivyo alikwenda. Kwa hiyo mzee wetu wa kilicholiwa kimeliwa naye ana shahidi.

Ila mizani yangu inaelemea upande mmoja. Nikitazama kilichobaki Pwani kutokana na Krapf, sioni kilicholetwa na mtawala. Mkataba wa Shoa haukumpa hata mahali pa kurudi. Barua ya Sayyid ilimpa nyumba Mombasa na usalama, na ningekuwa mwongo nikisema hivyo ni vitu vidogo. Lakini Rabai alipewa na wazee wa kaya. Mwanzo alisaidiwa na kadhi. Kaburi lilikuwa ombi la mwanamke anayekufa. Miaka 30 baada ya maziko yale, watu waliokombolewa kutoka utumwani walianza kuwekwa Frere Town, upande uleule wa bara, na kengele yao ipo mpaka sasa hapo njia panda ya Kongowea. Watoto wao ndio waliojaza makanisa yetu ya kwanza. Katika sura yetu ya 14, Abramu aliyekataa vya Mfalme wa Sodoma alikubali mkate na divai kutoka kwa Melkizedeki, kuhani asiyekuwa wa kabila lake wala wa ukoo wake. Wote wawili walikuwa wafalme, na wote walikuja siku moja. Tofauti ilikuwa ni nini mtoaji angetaka kusema kesho yake.

Rebmann alibaki Rabai karibu miaka 29 bila kwenda kwao. Alirudi Ujerumani mwaka 1875 akiwa kipofu, akakaa karibu na rafiki yake wa zamani katika mji mdogo wa Korntal, na akafa mwaka uliofuata. Krapf alikuwa ameoa tena, akiendelea na kazi ya lugha. Aliisimamia Biblia ya Kiamhara ichapishwe. Kamusi yake ya Kiswahili, aliyoianza Mombasa na kuibeba katika masanduku kwa zaidi ya miaka 30, ilikuwa karibu kwisha.

Novemba 26, 1881 alikutwa amekufa chumbani kwake Korntal, amepiga magoti kando ya kitanda. Kamusi ilichapishwa London mwaka 1882. Hakuiona. Biblia nzima ya Kiunguja ilitoka mwaka 1891, ya Kimvita mwaka 1914, na ile ya Union tunayoisoma wengi wetu mwaka 1952. Nyanya yangu alikuwa na ile ya Kimvita, jalada limeng'oka, na hakutaka kuibadilisha kwa sababu alisema hii nyingine inasema kama mtu wa ofisini.

Juzi nilikwenda kaburini. Nyasi zilikuwa ndefu. Kijana mmoja mvuvi alikuwa amekaa hapo kivulini akishona jarife lake. Nikamuuliza kama anajua ni kaburi la nani, akaniambia ni la mwanamke wa Kizungu aliyetaka azikwe upande huu. Mengine hakuyajua, na hakuonekana kuyahitaji.

Alhamisi hii tunaanza sura ya 15. Mwenye nyumba amenitumia ujumbe kwamba chai ipo na mandazi yapo. Bahasha imo katika kabati la mhazini, bado haijafunguliwa, na fundi amekuja kupima paa mara ya pili.